Njia Izunguke Tanuru za Wazee: Risala kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mama, Mgeni wetu wa Heshima na mkubwa wa komini yetu;
Mashefu wa kartie (mitaa) mliofika, walimu, wazazi na vijana wenzangu,

Jambo kwenu nyote.

Kwa niaba ya kikundi chetu cha matembezi na mazingira, nakushukuru, Mama, kwa kuja kutusikiliza siku ya Jumamosi. Unakumbuka tuliomba kibali cha kufungua njia ya miguu pembezoni mwa Lubumbashi, ipite katika msitu wa miombo mpaka kijitoni, ili wanafunzi, familia na wageni wapate pa kutembea. Mchoro tunaouleta leo si ule wa kwanza, na risala hii inaeleza sababu.

Mchoro wa kwanza ulifuata urahisi. Anayefungua njia porini hutafuta mahali pasipo na miti ya kukata, penye majani mafupi na maji karibu. Hapa kwetu Katanga, uwanda wa namna hiyo wakati mwingine unatokana na udongo wenye shaba nyingi mno, ambamo miti mikubwa haioti. Huota mimea michache iliyozoea shaba, ukiwemo ule ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, mojawapo ya maua ya shaba. Mmea huo umewasaidia watafiti kugundua mahali pa kale pa kuyeyushia shaba karibu na mji huu. Pale wazee walipoyeyusha malakiti, yaani jiwe la kijani lenye shaba, udongo umebaki na shaba hadi leo, na ua hilo limefuata. Kwa hiyo njia iliyo nyepesi kwa miguu yetu ndiyo inayoweza kupita juu kabisa ya tanuru zao.

Tumeliona jambo hilo kwa macho. Katika sehemu moja ya njia ile ya kwanza, ambayo sitaitaja hapa, mvua ilikuwa imekwangua ardhi na kufunua mavi ya shaba, yaani takataka zinazobaki shaba ikiyeyushwa, meusi, mazito, yenye madoa ya kijani. Kando yake palikuwa na kipande cha bomba la udongo, la kupitishia upepo wa mivukuto. Ncha yake iliyokaa motoni imeyeyuka ikang'aa kama kioo, na upande wa pili bado una alama za vidole vya aliyelifinyanga. Binti mmoja wa sekondari aliweka kalamu yake pembeni ili ukubwa uonekane. Tukapiga picha, tukaandika mahali, tukaliacha pale pale.

Bomba hilo likibaki karibu na makaa yake, mtaalamu anaweza kuyapima makaa na kujua tanuru iliwaka karne gani. Likiwekwa kabatini sebuleni, ni udongo uliochomwa tu. Ndiyo maana mimi naogopa moto wa wanaokuja kuchoma nyama kuliko hata jembe. Makaa ya leo yakichanganyika na ya zamani, kipimo kinaweza kudanganya, na huenda asitokee mtu wa kutambua kosa.

Kazi ya kufukua ikifanywa kwa utaratibu, inalipa. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale Jacques Nenquin mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka 1958, kisha Pierre de Maret miaka ya 1970, walifukua makaburi ya kale wakiandika kila chungu na kila msalaba wa shaba ulilala wapi. Kutokana na maandishi hayo tunajua kwamba misalaba ilipungua ukubwa kadiri karne zilivyopita, ikalingana, ikatumika kama pesa. Ni misalaba ya aina hiyo iliyochorwa katika bendera ya Katanga mwaka 1960. Msalaba ulioibwa kaburini ukauzwa haungetufundisha lolote kati ya hayo.

Mawe nayo yanahitaji ulinzi. Baadhi ya miamba ya eneo letu la shaba ina stromatoliti, yaani tabaka zilizojipinda, zilizojengwa majini na vijidudu zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, kabla ya samaki wala mti. Atakayepiga nyundo apate kipande cha ukumbusho atakuwa ameharibu kisichorudi.

Njia mpya inazunguka. Ni ndefu zaidi na itatutoa jasho, lakini tumeikubali. Pale isipowezekana kukwepa, tutaipandisha kwa udongo ulioletwa kutoka mbali, bila kuchimba. Vibao, choo na mahali pa kupumzika vitakaa mbali na tanuru. Wala hatutaweka mahali hapo kwenye ramani wala kwenye simu, maana anayetafuta vitu vya kuuza naye anasoma ramani.

Mama, Ordonansi-loi (sheria) namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inamtaka aliyekuta mabaki ya kale atoe taarifa serikalini. Leo tunaitoa kwako. Tunaomba komini iwaandikie Makumbusho ya Lubumbashi na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, watume mtaalamu aitembee njia yote kabla jembe halijagusa ardhi. Ifanyike kiangazi hiki, majani yakiwa yameungua na udongo unaonekana. Tunaomba pia kibali chenyewe kiseme kwamba kitu cha kale kikionekana, kazi inasimama hapo hapo mpaka mtaalamu afike.

Wako pia ndugu zetu wanaovunja vichuguu kufyatua matofali, na wanaochoma makaa. Hiyo ni riziki ya watoto wao, kwa hiyo tusiwatumie polisi. Mashefu wa kartie wakae nao, waonyeshwe mavi ya shaba yanafananaje, na wao ndio watakaokuwa wa kwanza kutuita.

Picha, vipimo na mahali penyewe vimo katika bahasha hii iliyofungwa. Tunaomba uipokee kwa mkono wako, Mama, na isifunguliwe hapa.

Aksanti sana.