Jibu langu kwa swali la Mama kuhusu Baba na ile miezi ya kufungiwa ndani

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi huku ni mzima, kazi inakwenda, na natumaini barua hii itawakuta salama pamoja na wadogo zangu na watoto wote wa nyumba hiyo.

Mama, juzi uliniuliza jambo ambalo muda wa simu haukutosha kulijibu. Ulisema tangu kipindi kile cha korona Baba hajarudi kuwa yule tuliyemzoea. Anachoka upesi, anakula saa zisizoeleweka, na ukimwambia atoke akatembee anajibu kwamba yeye si mgonjwa. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, na naomba Baba naye asomewe au asome mwenyewe. Haya mambo niliyaona hapa nilipo tulipoamriwa kukaa ndani, na tangu hapo nimeyasoma sana. Naamini Baba akielewa kilichoupata mwili wake hatahitaji kubembelezwa.

Mnakumbuka Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba ugonjwa ule ni janga la dunia nzima. Italia ilikuwa imeshafunga nchi yote siku mbili kabla. Ufaransa mtu alitoka na karatasi ya ruhusa mkononi, na kama ni mazoezi basi asivuke kilomita moja kutoka kwake wala asizidishe saa moja. Uingereza waliruhusiwa kutoka kufanya mazoezi mara moja kwa siku. Hispania watoto wa chini ya miaka 14 hawakuruhusiwa kutoka hata kunyoosha miguu mpaka tarehe 26 Aprili. Sizikosoi amri zile, maana watu walikuwa wanakufa na hospitali zimefurika. Ila mwili wa binadamu haujui kwamba umefungiwa kwa nia njema. Unachojua ni kwamba hautumiki.

Kuna wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliochukua takwimu za programu ya simu inayohesabu hatua, za watu zaidi ya 450,000 katika nchi 187. Siku 10 tu baada ya lile tangazo, hatua za watu zilikuwa zimepungua kwa asilimia 5.5. Siku 30 baadaye zimepungua kwa asilimia 27.3. Italia zilishuka hadi karibu nusu, ilhali Sweden, ambako watu hawakufungiwa ndani, upungufu mkubwa kabisa ulikuwa asilimia 6.9. Na hao ni watu waliojiwekea wenyewe chombo cha kuhesabu hatua kwenye simu, yaani watu wanaoijali miili yao. Kujali peke yake hakukutosha.

Hatua hizo zilipotea wapi? Hapa ndipo ninapotaka Baba anisikilize vizuri, kwa sababu najua atasema yeye hakuwahi kuwa mwanamichezo, kwa hiyo hakuna alichopoteza. Baba, alipoteza kitu yule asiyekwenda tena kituoni kusubiri basi, asiyepanda ngazi za ofisini, asiyesimama foleni, asiyevuka ukumbi kumfuata mwenzake, asiyezunguka sokoni akichagua na kurudi na mzigo. Hakuna aliyewahi kuyaita hayo mazoezi. Mwaka 1953 daktari mmoja Mwingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi kutwa nzima, walikuwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Walikuwa kwenye basi moja na saa zao za kazi zilikuwa zile zile. Wewe Baba, maisha yako yote ulikuwa upande wa makondakta. Miezi ile ikakuhamishia kwenye kiti cha dereva, na amri ilipoondolewa hukushuka.

Mwili ukikaa hivyo hauchukui muda mrefu kubadilika. Huko Denmark vijana 10 wenye afya njema waliombwa wapunguze hatua zao za siku kutoka kama 10,000 hadi chini ya 1,500, kwa wiki mbili. Wiki mbili tu, Mama! Insulini yao ikapungua nguvu ya kuingiza sukari kwenye misuli, uwezo wa mwili kutumia hewa ya oksijeni ukashuka kwa asilimia 7, na nyama ya misuli ya miguu ikapungua. Nao walikuwa vijana. Kanada, katika Chuo Kikuu cha McMaster, jaribio kama hilo lilifanywa kwa wazee wenye uzito uliozidi na sukari iliyokaribia kuwa kisukari. Walipunguza kutembea kwa wiki mbili, kisha wakarudia mwendo wao wa kawaida kwa wiki mbili nyingine, na bado sukari yao haikurudi ilipokuwa. Nilipoyasoma hayo nilimfikiria Baba moja kwa moja. Kuchoka kwake upesi si uvivu, Mama, na wala si uzee umeingia ghafla usiku mmoja. Ni misuli iliyopunguziwa kazi, ikapungua.

Sasa tuje kwenye chakula, ambacho kwangu ndicho kilichonishangaza zaidi.

Siku ya mtu wa kawaida ni kamba ya kuanikia nguo. Saa ya kuondoka nyumbani, kengele ya shule, mapumziko ya mchana, saa ya kurudi, hizo ndizo zinaifunga kamba huku na huku, na milo yetu imetundikwa hapo bila sisi kujua. Amri za kukaa ndani ziliikata kamba hiyo. Nikaona watu wazima wenye akili zao wakinywa chai ya asubuhi saa sita, wakila cha mchana jioni, na katikati kudokoa tu: kipande hiki, konzi ile, biskuti mbili wakipita jikoni. Mtu anayedokoa hajihesabu kuwa amekula, kwa hiyo akikaa mezani anaanza upya. Kulala nako kukasogea, na mtu anayekesha hutafuta cha kutafuna.

Ongezeni hofu. Taarifa za vifo asubuhi na jioni, kazi haieleweki, huwezi kumtembelea mtu wala kumzika. Mwili wenye hofu ya muda mrefu humwaga homoni ya kortisoli, na wengi wetu hapo hutamani vitu vitamu na vyenye mafuta, kwa sababu vinatuliza kwa kitambo. Katika uchunguzi mmoja wa kimataifa uliofanywa mwanzoni mwa kipindi kile, watu walieleza kwamba muda wao wa kukaa kitako ulipanda kutoka saa 5 hadi saa 8 kwa siku, na kwamba walikuwa wanakula vibaya zaidi: vitafunwa zaidi, kula kusikozuilika, milo mingi zaidi. Mambo hayo yalikwenda pamoja. Mwenye kukaa karibu na jiko kwa muda wa saa nane ana nafasi ya kudokoa ambayo hakuwa nayo alipokuwa njiani.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila kitu kiliharibika. Unga wa ngano na hamira viliisha madukani katika nchi nyingi kwa sababu watu ambao hawakuwahi kukanda mkate walianza kukanda. Familia zilizokuwa hazionani ila usiku zikapika na kula pamoja. Nilifurahi sana kuliona hilo, na natamani lingebaki. Na wapo waliokonda, tena si kwa kupenda. Aliyeishi kwa kibarua cha siku alipofungiwa ndani, chakula chake nacho kilikatika. Shule zilipofungwa, watoto milioni 370 duniani walikosa mlo wa shuleni, na kwa wengi wao huo ndio uliokuwa mlo wa uhakika wa siku. Mtu akinizungumzia korona kana kwamba ilinenepesha dunia nzima, huwa namkumbusha watoto hao.

Dada aliniambia watoto wake bado hawataki kutoka nje, wameganda kwenye simu. Mwambieni asiwalaumu sana. Huko Verona, Italia, madaktari waliwafuatilia watoto 41 wenye unene uliozidi, wiki tatu ndani ya zuio. Muda wa kioo, yaani simu, televisheni na kompyuta, ulikuwa umeongezeka kwa karibu saa 5 kwa siku. Michezo ilipungua kwa zaidi ya saa 2 kwa wiki. Viazi vya kukaanga vya pakiti, nyama nyekundu na soda viliongezeka, mboga zikabaki zilivyokuwa, na matunda, ajabu, yaliongezeka. Marekani nako, katika takwimu za watoto na vijana zaidi ya 430,000, kasi ya kuongezeka uzito ukilinganisha na urefu ilikaribia kuwa maradufu ya ile ya kabla. Shule ilikuwa inawachezesha, inawapangia saa ya kula na inawanyima friji. Ilipofungwa, kazi zote hizo ziliwaangukia wazazi ambao nao wamechanganyikiwa.

Waliopita salama zaidi, kwa nilivyoona, ni waliojiwekea saa. Uingereza mwalimu wa mazoezi, Joe Wicks, alianza tarehe 23 Machi 2020 kuwafundisha watoto mazoezi ya viungo kupitia YouTube, kila siku ya kazi saa tatu asubuhi. Kilichosaidia, kwa maoni yangu, ni ile saa tatu kuliko mazoezi yenyewe, kwa sababu siku ilipata mwanzo. Kulikuwa pia na Mfaransa mmoja aliyekimbia marathoni nzima kwenye baraza ya nyumba yake yenye urefu wa mita 7, huku na huku kwa karibu saa saba. Huyo nampa heshima yake, lakini simwombi Baba afike huko.

Ninachomwomba ni hiki. Kwanza aende akapimwe sukari na presha, ili tujue tunaanzia wapi. Halafu arudishe saa za milo, mitatu, mezani, na jiko lifungwe baada ya cha usiku. Kila baada ya mlo atembee kidogo, hata dakika kumi, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya Novemba 2020: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, na wakaondoa lile sharti la zamani la angalau dakika kumi mfululizo. Kila dakika inahesabiwa, Baba, hata ya kufagia ua. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea wanataka pia mazoezi ya nguvu na ya kujimudu usianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki. Anza na kuinuka kitini bila kushika popote, mara chache, Mama akiwa karibu. Ukizoea, ongeza.

Usisubiri hamu ije kwanza. Misuli iliyopungua haileti hamu ya kutembea, mpaka itembezwe.

Mama, majibu ya vipimo yakitoka niandikie yote kama yalivyo, hata kama hayafurahishi, nitazungumza na Baba mwenyewe. Mwambie Jumapili nitampigia saa atakayochagua ya kutembea, tutembee wote, yeye huko mimi huku. Na dada anieleze watoto wanapenda mchezo gani, nataka kuwatumia mpira au kamba ya kuruka.

Wasalimieni wote wanaoniulizia.

Ni mimi mwanenu.