Beka, kabla hujakata mkeka soma hii kwanza

Kaka Beka,

Mambo vipi mwanangu, za huko Nairobi, baridi imewaachia kidogo? Sisi huku Temeke tupo, joto lile lile, mama anakusalimia sana anasema ukija safari hii usipite kimya kimya kama siku ile. Voisi yako niliisikiliza nikiwa kwenye daladala nikacheka peke yangu mpaka konda akaniangalia, yaani unataka kutengeneza suti ya askari wa anga, umeshanunua rangi ya silva makopo na makopo na hata mkeka mmoja wa sponji wa kuikatia huna! Nikaona nisikujibu kwa voisi, nkiongea ntasahau nusu na wewe hutarudia kusikiliza nakujua, bora nikuandikie ukae nayo kwenye simu.

Umeniuliza nianzie wapi. Anzia kwenye kukaa. Sitanii. Watu wengi wanaotengeneza hizi suti za kivita za anga wanatengeneza kitu cha kusimama nacho mbele ya kamera, wakishapigwa picha tatu basi hawawezi kupanda bajaji, hawawezi kuinama kuokota simu, maji wananyweshwa na mwenzao kwa mrija. Mimi deraya ya hivyo siiiti deraya hata ing'ae vipi. Kwaiyo kabla ya kila kitu chukua kiti cha plastiki, kaa, alafu pima kutoka juu ya bega mpaka mfupa wa nyonga, utaona ukiwa umekaa kile kipimo kinapungua, na hicho kipimo kifupi cha kukaa ndo urefu wako wa kifua. Ukipima umesimama, siku ya kuvaa ukikaa tu bamba la kifua linapanda juu linakukaba kidevuni.

Patani, yaani vipande vya mfano vya kukatia, usihangaike nayo. Vaa tisheti kuukuu ambayo huihitaji tena, mtu akuzungushie nailoni ya kufungia vyakula, juu yake selotepu pana, kuanzia shingoni mpaka chini ya kiuno, asikaze sana bado unahitaji kupumua. Afu achukue maka peni achore juu yako mistari ya mabamba yote unavyotaka yakae, na aweke vialama vidogo vinavyovuka mstari ili baadae ujue kipande gani kinakutana na kipi. Anakukata mgongoni taratibu kwa mkasi, unatoka, unakata kwa kufuata mistari, vipande unavilaza kwenye boksi. Mshonaji yeyote anaielewa hii. Kwa upande wa kofia ndo utahitaji kompyuta, kuna programu ya Kijapani inaitwa Pepakura inalikunjua umbo la 3D linakuwa karatasi bapa, unaprinti A4 steshenari unaunga. Ila jiprintie kwanza ya karatasi tupu uvae kichwani ujitazame kwenye kioo, karatasi ni rahisi kuliko mkeka.

Mkeka sasa. Tunatumia ile mikeka ya watoto ya kuungana ungana, au ya jimu, Kariakoo imejaa na huko kwenu haiwezi kukosekana. Usinunue kwa rangi, bonyeza kwa kidole gumba, kama shimo linabaki achana nao, unataka ule unaorudi fasta. Unene ni milimita 10 kwa kifua, mgongo na mabega, 5 au 6 kwa mikono na kofia, milimita 2 kwa vidude vya juu juu. Upande wenye vinundu unaingia ndani. Na bledi, kaka, nunua paketi nzima, huu mkeka unaua makali haraka ajabu, utajishangaa unakata vizuri afu ghafla kingo zinaanza kuchanika chanika, hapo sio mkono wako ni bledi, badilisha. Usikate kwa mkato mmoja wa nguvu, pitisha mara mbili tatu taratibu, bledi ndefu na iliyolala kidogo.

Kitu kinachonifurahisha mpaka leo ni hiki. Unachora mstari juu ya bamba, unaukata nusu tu ya unene, hata hauonekani, umejifunga kabisa. Afu unapitisha hewa ya moto. Ule mstari unafunguka wenyewe mbele ya macho yako, unakuwa mfereji safi kabisa wa kiwandani, na uso wa mkeka uliokuwa umefifia unapata kang'aro kadogo, ujue vitundu vimejifunga. Hapo hapo ukiwa bado wa moto unaukunjia kwenye goti au kwenye ndoo unaushikilia mpaka upoe, unabaki na hilo umbo. Ile draya ya saluni haifiki hilo joto, usijidanganye, tafuta vijana wa tinti za magari, wote wana ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, unaazima jioni wakifunga kazi unawaachia ya soda.

Gundi ni ile ya fundi viatu. Unapaka pande zote mbili, nyembamba, unasubiri mpaka ukigusa haishiki kidole, ndo unakutanisha. Na ikikutana imekutana, hakuna kusogeza, kwaiyo anza na zile alama zako katikati uende pembeni. Pale mabamba yanapokutana kwa kona usikate wima, laza bledi nyuzi 45 pande zote, kiungo kinapotea chenyewe. Ila gundi hii fanyia uani, sio chumbani mlango umefunga, inalewesha na inaharibu, na zile barakoa za kitambaa au za hospitali hazizuii mvuke hata kidogo, zinazuia vumbi tu, unataka ile ya mpira yenye makopo mawili ya vichujio pembeni. Ukifika kwenye msasa sasa barakoa ya vumbi inafaa na ivae, vumbi la huu mkeka linaingia mpaka kwenye sukari.

Haya, rangi yako. Ukishaunga suti nzima ikasimama utadhani umemaliza, kumbe hapo ndo umefika nusu, na mimi naamini wengi suti zao zinaonekana za madodoki kwa sababu walikimbilia rangi. Mkeka unanyonya. Ukipuliza silva juu ya mkeka mtupu inaingia yote, unaongeza koti, yaani tabaka lingine la rangi, inaingia, mwisho unapata kijivu cha madoa. Lazima uuzibe kwanza. Njia ya bei rahisi ni gundi nyeupe ya mbao, unaichanganya na maji kidogo, unapaka kwa brashi, inakauka, unapaka tena, nenda hivyo koti kadhaa na msasa laini katikati. Inatoa uso mgumu mzuri, lakini haipendi kukunjwa, kwaiyo iweke kwenye kofia na mabega. Kifua na mbavu vinakunjika kila ukipumua, huko weka kitu cha mpira. Mimi natumia ile rangi ya mpira ya kupuliza chini ya gari kuzuia kutu, maduka ya spea wanayo, ila soma kopo vizuri, kuna za mpira na kuna za lami, ya lami haikauki vizuri inabaki inanata na rangi ya juu haitakaa. Kuna fundi mmoja wa gereji alinishauri tupige klia ya gari, ile vanishi ang'avu ya juu ya rangi, juu ya kila kitu, ikang'aa kweli kweli, kisha nikakaa, ikapasuka nyufa nyembamba kifua kizima. Klia ya gari imetengenezewa bati, bati halikunjiki kila ukipumua.

Afu angalia hewa. Kipindi cha masika huku kwetu ukipuliza rangi asubuhi kuna unyevu mwingi inatoka na ukungu mweupe juu, hasa nyeusi. Subiri jua litoke vizuri, piga koti nyepesi nyepesi. Nairobi nadhani utasumbuka zaidi na vumbi na ubaridi wa asubuhi.

Silva pia sikushauri uimwage yote. Paka nyeusi isiyong'aa suti nzima. Chukua penseli laini ile nyeusi sana ya kuchorea, isage kwenye msasa upate unga wake, afu chovya kitambaa cha pamba usugue juu ya ile nyeusi kwa kuzungusha. Beka, inageuka chuma. Sio silva, chuma chenyewe, kile kijivu kizito cha mtutu wa bunduki, na kadri unavyosugua ndo kinavyotoka. Ile silva yako utaitumia kidogo tu, brashi ngumu iliyokaushwa kwenye gazeti mpaka haitoi kitu, unaigusisha kwenye kingo ambazo kweli zingechubuka, viwiko, ncha ya mabega, pale mkanda unaposugua. Kama unataka rangi iliyobanduka kabisa, paka silva chini, weka vaselini kidogo kidogo kwa kipande cha sponji sehemu unazotaka zibanduke, piga rangi ya juu, ikikauka futa. Mwisho nyeusi ya maji maji unaimwagia kwenye mifereji unafuta juu, uchafu unabaki kwenye kona. Jiulize tu huyu askari wako amepita wapi, maana mtu wa sayari ya vumbi jekundu hachafuki sawa na mtu wa ndani ya chombo. Wengi wanachubua kila mahali sawa sawa, inaonekana imekwanguliwa na paka.

Kuvaa sasa, ambako kwa kweli sifa zote ni za mama. Alikuja uani akaniona nimejifunga mapaja kwa kamba za katani, akasimama akauliza hivi haya mambo nani aliyaanzisha. Nikamwambia ni mwanamke, Myrtle Douglas wa Los Angeles, wenyewe walimwita Morojo, mwaka 1939 alishona nguo za watu wa siku zijazo, yake na ya mwenzake Forrest Ackerman, wakaenda nazo New York kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenda hadithi za kisayansi. Mama akasema basi hiyo kazi ya mshonaji, toka hapo. Akakalia cherehani yake.

Alichofanya ni hiki na wewe fanya hivyo hivyo. Mapaja hayabani mguu, yananing'inia kwenye mkanda wa kiunoni kwa mikanda ya begi yenye klipu, ukiyabana yatateleza tu mpaka magotini. Mabega yamekaa juu ya lastiki pana, ukinyanyua mkono yanapanda na yanarudi. Kifua na mgongo vimeungwa mabegani kwa klipu na ubavuni kwa zile za kunatana za viatu vya watoto, upande mmoja tu unafunguka, kwaiyo unaweza kuvaa mwenyewe bila msaidizi. Nyuma ya goti tulikata nafasi ya kutosha kuchuchumaa, na nadhani unaelewa kwa nini nasema kuchuchumaa, mkanda mzima wa kiuno unatoka kwa klipu moja. Chini ya suti amenishonea nguo nyeusi ya kitambaa cha jezi kinachopitisha hewa, mkeka haupumui hata chembe na kwa joto la Dar unalowana mpaka soksi.

Kofia ndani nimeweka ule utando wa kofia ya wajenzi, wa kukaza na kulegeza, hivyo kofia haigusi uso na hewa inazunguka. Kioo ni cha helmeti ya bodaboda, cheusi, nimekikata kwa msumeno mdogo. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 5 iko kwenye kidevu inakula pawabenki ile ile inayowasha taa za kifuani, na kioo napaka sabuni ya vyombo tone moja kwa ndani nafuta kwa kitambaa kikavu, hakishiki ukungu. Ukimaliza kuvaa usiiache suti kwenye gari limefungwa juani, gundi inalegea viungo vinaachia.

Umeniambia pia unataka tukitoa ya kwanza tutoe na za kuuza, za wale askari weupe wa filamu za Star Wars. Kuuza sawa, ila tuchore yetu. Yule Andrew Ainsworth wa Uingereza ndo aliyezitengeneza kofia za kwanza kwa plastiki ya kuvutwa na joto mwaka 1976, miaka baadae akaanza kuziuza mwenyewe, Lucasfilm, kampuni ya filamu hizo, wakampeleka mahakamani mpaka Mahakama ya Juu, mwaka 2011 majaji wakasema kofia ile kisheria sio sanamu, yaani sio kazi ya sanaa ya kulindwa na haki miliki ya huko, hivyo kwa Uingereza akapona, lakini wakasema pia anaweza kudaiwa kwenye mahakama hizo hizo za Uingereza kwa haki miliki za Marekani. Huyo ndo mtengenezaji wa kwanza, sisi wa Temeke na Nairobi nani atatulipia wakili? Nimeshaanza kuchora mabega yenye mikunjo ya mapezi ya samaki na mama anataka tutie mpaka wa kanga kwenye mkanda wa kiuno, mwanzo niliguna, sasa naona yuko sahihi.

Kwaiyo nitumie mzunguko wa kichwa chako juu ya nyusi, upana wa mabega, na kile kipimo cha kiti, ukiweza kabla ya Ijumaa maana jumamosi steshenari wananiprintia. Na uniulizie bei ya mikeka ya milimita 10 huko, kama ni nafuu zaidi ntakutumia hela uninunulie na yangu, nitaipokea stendi kwa dereva.

Wako,
Dulla