Ngumi kwa dakika tano, nani asingenunua?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwasumbua. Mmekosea matokeo, mmeweka picha ya kipa huyu juu ya jina la kipa yule, nikanyamaza. Lakini ile taarifa yenu ya ukurasa wa michezo, iliyokumbushia mechi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada kule Montréal, Februari 2025, imenikaa kooni. Mapigano matatu ndani ya sekunde tisa za kwanza, na mwandishi wenu kayasimulia kwa bashasha utadhani yuko harusini. Kisha kamalizia kwa kutuambia kwamba kupigana ni "utamaduni" wa hoki ya barafuni, na sisi tusioujua mchezo ule tusihukumu.

Nitahukumu. Nimepuliza filimbi kwenye mpira wa magongo, huu wetu wa nyasi, tangu wengi wa vijana wenu wa habari hawajazaliwa. Sisi pia tunashika magongo. Mpira wetu ni mgumu, ukikupata kwenye ugoko utalala nao usiku kucha. Kwa hiyo habari za "mchezo wa kasi, damu inachemka" mtafutieni mtu mwingine wa kumsimulia.

Mwandishi aliuliza kwa nini mchezo ule unaachiwa watu wapigane na mingine haiachiwi, halafu akakimbilia hadithi za wanaume wa nchi za baridi. Angefungua kitabu cha kanuni angepata jibu. Ligi yao kubwa, NHL, iliipangia ngumi bei tangu 1922: dakika tano ndani ya kibanda cha adhabu. Na kwa kuwa kupigana kunahitaji watu wawili, kwa kawaida wote wawili wanatolewa, timu zote zinaingiza wengine, mchezo unaendelea watano kwa watano, ukiacha makipa. Hakuna aliyepungukiwa. Mchezaji akimkwatua mwenzake kwa gongo, timu yake inabaki na watu wanne kwa dakika mbili na inaweza kufungwa bao. Akimshindilia mwenzake ngumi za uso, kocha hapotezi kitu. Ndiyo maana waamuzi wa mstari wanasimama pembeni, mikono imeshuka, wanangoja mmoja aanguke ndipo waingie kuamulia. Hapo mtu atajizuia kwa sababu gani?

Nenda pale Madison Square Garden, New York. Leo wanacheza Knicks mpira wa kikapu, kesho Rangers wanacheza hoki, jengo ni lile lile na viti ni vile vile. Mchezaji wa kikapu akirusha ngumi anatolewa nje papo hapo, na baadaye anafuatwa na faini na kufungiwa. Wa hoki anakwenda kukaa, anapewa maji, anafuta pua, anarudi. Zidane alimpiga Materazzi kichwa cha kifua, Berlin, 9 Julai 2006, fainali ya Kombe la Dunia, nahodha wa Ufaransa, mechi yake ya mwisho maishani. Nyekundu. Sikumsikia mtu akisema tumwache, ndio utamaduni wa Marseille alikozaliwa.

Mnatuambia pia kwamba wale wababe, wachezaji wanaowekwa kwa ajili ya kupigana, wanawalinda nyota. Ni kweli Wayne Gretzky, nyota wa mabao, pale Edmonton alikuwa na mbabe wake Dave Semenko, na aliyemgusa Gretzky alijua atakutana na nani. Lakini kumlinda mchezaji ni kazi ya mwamuzi! Timu ikihitaji kuajiri mtu wa kupiga watu ili mfungaji wake acheze kwa amani, maana yake mwenye filimbi hafanyi kazi anayolipwa.

Kuna na ile hoja ya kwamba wakikatazwa ngumi watachapana kwa magongo. Februari 2000, Vancouver, Donald Brashear na Marty McSorley, wachezaji wa NHL wa timu pinzani, walizichapa mapema katika mechi, kwa ngumi, kama huo utamaduni wenu unavyotaka. Kwa mujibu wa hoja hiyo, hapo hasira zilipaswa kuwa zimekwisha. Sekunde chache kabla ya mechi kumalizika McSorley akamjia kwa nyuma akampiga Brashear gongo la kichwa. Kesi ilikwenda mahakamani na McSorley akapatikana na hatia ya shambulio la kutumia silaha. Ngumi ziliruhusiwa siku ile, na gongo likaja vilevile.

Na wakitaka kuacha wanaacha. Fainali ya Olimpiki ya 2010, hapo hapo Vancouver, Kanada na Marekani tena, wachezaji wa NHL wale wale, Sidney Crosby akafunga bao la dhahabu katika muda wa nyongeza. Hakuna aliyetupa glovu chini ili apigane. Huo utamaduni ulikuwa umekwenda likizo? Kanuni za kimataifa zinamtoa mpiganaji nje ya mechi, na mtu akijua atatolewa, hasira zinapungua zenyewe. Quebec, kule Kanada, nyumbani kabisa kwa mchezo huo, ligi yao ya vijana inawatoa nje wapiganaji tangu 2023, na barafu haijayeyuka.

Taarifa yenu haikuwa na nafasi hata ya mstari mmoja wa Don Sanderson, kijana wa miaka 21 wa Ontario, aliyepigana Desemba 2008, kofia ikamvuka, akaangukia kichwa kwenye barafu na kufariki Januari 2009. Wala Derek Boogaard, mbabe aliyefariki 2011 akiwa na miaka 28. Ubongo wake ulipopimwa ulikutwa na ugonjwa unaowapata watu waliopigwa kichwani mara kwa mara. Nafasi ya picha mlikuwa nayo. Picha kubwa, ya rangi.

Sasa niwaambie kwa nini yananihusu mimi niliyeko Upanga na nisiyejua hata kusimama juu ya barafu. Nilichezesha mechi ya vijana, bonanza la kawaida, soda na maandazi. Kipindi cha pili winga mmoja akapokonywa mpira, tena kihalali kabisa, mimi nilikuwa hatua chache tu. Yule kijana akatupa gongo chini kwa mbwembwe, akakunja mikono ya jezi, akaanza kumzunguka mwenzake huku ngumi ziko usawa wa kidevu. Kisha akamshika mwenzake shati mgongoni, akalivuta likamfunika kichwa, akaanza kumtwanga asiyeona. Nawaambia, hatua ile ya kufunika kichwa kwa jezi hakuizua yeye, mtu yeyote aliyeangalia klipu za NHL anaijua. Na wenzake, badala ya kuamulia, wakafanya duara! Watazamaji simu juu. Nilipofika katikati kinga ya meno ya yule aliyepigwa ilikuwa chini, imeshikana majani na udongo, naye anaitafuta kwa kupapasa maana shati bado liko machoni. Nikatoa kadi nyekundu. Yule winga akanitazama kama niliyemdhulumu: "Mzee, nyekundu ya nini? Si dakika tano tu?" Akaenda zake akakaa kwenye benchi, hakutoka uwanjani, akamwomba mtu ampimie muda kwenye simu. Ampimie muda! Kwetu dakika tano ni za kadi ya njano, mtu aliyeingilia vibaya, anatoka akapoe. Ngumi haina dakika. Kiongozi wa timu yake, mtu mzima mwenye ndevu, akanifuata kunisihi nisiwe mkali, watoto wanaona kwenye simu kwamba huko kwa wakubwa inaruhusiwa. Mtoto huyo wa watu alirudi kwao na mdomo umepasuka, na mimi ndiye niliyemweleza mama yake, siyo kiongozi mwenye ndevu, siyo mwandishi wenu.

Na nikiwa bado na nafasi, Mhariri, hivi mara ya mwisho mlichapisha matokeo ya magongo ya hapa nchini ilikuwa lini? Sisi tulikwenda Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. India walitufunga 18-0, kisha wakaenda kuchukua dhahabu. Kumi na nane kwa bila! Kama kuna watu duniani waliokuwa na haki ya kutupa magongo na kukunja ngumi, ni vijana wale. Wakaanzisha mpira katikati, tena na tena, mpaka filimbi ya mwisho. Hao hamuwakumbuki hata kwenye kona ya kumbukumbu. Ukurasa wenu ni Simba, Yanga, usajili wa Simba, usajili wa Yanga, na chini mikeka ya kubeti. Hoki inaingia siku Wazungu wakizichapa. Vijana wetu wanacheza kwenye nyasi za kuruka mashimo, wanaazimana kinga za ugoko, na wakishinda habari inaishia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Napendekeza yafuatayo. Lile tangazo la mganga wa kurudisha mpenzi, linalokaa chini kulia kila Jumanne, lisogezwe ukurasa mwingine, na nafasi yake yachapwe matokeo ya magongo: timu, mabao, kadi. Mistari sita inatosha, matokeo nitaleta mwenyewe kwa mguu, sihitaji malipo. Naye mwandishi wenu aje Jumamosi asubuhi kwenye mazoezi yetu. Tutamvika shati pana, tulivute limfunike kichwa, tumwite yule winga, na mimi nitashika saa. Dakika tano tu. Akitoka humo na bado anaona ni utamaduni, aandike tena, nitainunua nakala hiyo.

Mwamuzi mstaafu wa magongo,
Upanga, Dar es Salaam