Maumivu makali ya hedhi yasiitwe chango tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie endometriosi, maradhi ambayo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, na ambayo humpata takribani mwanamke 1 katika kila 10 wenye umri wa kuzaa. Mdogo wangu, hapa Masasi, alijikunja mkekani kila mwezi kwa miaka 6, chupa ya maji ya moto tumboni, akiambiwa ni chango na kwamba akizaa litakwisha.

Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu za sumaku, huonyesha vizuri uvimbe wa maradhi haya uliozama ndani, hata karibu na utumbo, ingawa madoa ya juujuu kinaweza kuyakosa. Kwa hiyo majibu safi yasimfungie mgonjwa mlango. Naiomba Wizara ya Afya iwafundishe waganga wa zahanati za Mtwara na Lindi kuwapa rufaa mapema wanawake wa aina hii.

Msomaji wenu,
Masasi, Mtwara