Usiitupe hiyo doki

Rafiki yangu,

Mambo vipi? Mi niko poa, nilibanwa na kazi ndo maana nimechelewa kujibu, ila picha zako zote nimeziona na ile ya mgongo wa iPod nimeikuza mpaka nikasoma vile viherufi vidogo kabisa pale chini, A1288, namba ya modeli. Hapo ndo nikapata jibu la kwa nini haichaji kwenye doki. Kwa hiyo nakuomba sana, usiitupe hiyo doki, yaani spika ya kuchomekea iPod, aliyokuachia kaka yako na wala usithubutu kuifungua iPod eti unabadilisha betri. Hakuna kilichokufa hapo, vyote vizima, ni umeme tu ndo haupatani.

Si umesema muziki unatoka safi, besi inapiga mpaka meza inatetemeka, lakini ukiiacha pale usiku kucha asubuhi unaikuta imezima? Hiyo ndo dalili yenyewe. Mtu anaona kama inaimba basi imeshika, na kama imeshika lazima ichaji, kumbe lile tundu pana la chini lina pini 30 na kila moja ina shughuli yake. Sauti inatokea pini ya 3 na ya 4, kulia na kushoto, na hizo hazina habari kabisa na chaji. Umeme nao una njia zake mbili, pini ya 23 inapokea volti 5 za USB, halafu ya 19 na ya 20 zinapokea volti 12 za FireWire, ile aina ya zamani ya waya wa kompyuta. Doki inaweza ikawa inapitisha sauti vizuri tu huku umeme inaupeleka kwenye pini ambazo iPod yako haizisikilizi tena.

Nasema tena kwa sababu zamani zilikuwa zinasikiliza. iPod ya kwanza ya 2001 ilikuwa inachaji kwa waya wa FireWire, hakukuwa na USB pale. Tundu la pini 30 likaja 2003, chaji ya USB ikaanza 2004, na kwa miaka kadhaa ukawa unaweza kuchaji kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, ndo maana waliotengeneza doki kipindi kile wengi wakaweka volti 12 tu wakalala, kwa nini wahangaike wakati kila kitu kinakubali? Halafu 2008 Apple wakaiondoa chaji ya FireWire, kuanzia iPod touch ya pili, ambayo ndo hiyo yako, nano ya nne na iPhone 3G. Tundu halikubadilika hata kidogo. Umbo ni lile lile, inaingia, inakaa, inaimba, kwa kuliangalia tundu tu huwezi kujua chochote na hicho ndo kinaniuma mpaka leo, maana kama wangebadilisha tundu mtu angejua mapema kwamba haviendani.

Mi yalinikuta na iPod nano yangu ya 2008. Nilikuwa na spika moja nzuri sana, naiweka pale jioni, naangalia kile kibetri kwenye skrini kinaonyesha robo, asubuhi hakuna kitu. Nikaamini betri imechoka. Nikanunua betri mpya, nikakaa chini ya taa na kisu chembamba nikiibandua taratibu nisivunje kioo, siku nzima imeisha hapo, nikairudisha kwenye doki… vile vile. Nilikuja kushtuka siku nimeichomeka kwa waya wa kompyuta ikajaa bila shida yoyote. Betri ya zamani ilikuwa nzima kabisa.

We anza na hilo basi, ichaji kwa waya wa USB pembeni. Ikijaa, iPod haina tatizo. Halafu kama unaweza kuazima iPod ya zamani kidogo, tuseme ile ya video ya 2005, iweke kwenye hiyo doki, ile ikichaji na yako isichaji ujue hapo ni volti 12, huna haja ya kutafuta zaidi. Ila tafadhali usianze kuchokonoa pini na mita ya kupimia umeme, zimebanana mno, ncha ikiteleza umegusisha mbili. Na akitokea fundi akakwambia ataunganisha tu waya wa volti 12 uende kwenye pini ya 23, mkatalie hapo hapo, njia ile inategemea volti 5, ataiunguza.

Dawa yake ni adapta ndogo inayokaa katikati, chini inaingia kwenye doki na juu inapokea iPod, ndani yake kuna kidude cha kushusha volti 12 kuwa 5 na sauti inapita kama kawaida. Ila kuwa makini hapa maana ziko za aina mbili na kwa nje zinafanana, nyingine ni za kurefusha tundu tu ili iPod yenye kava iingie, hizo hazishushi chochote. Muulize muuzaji swali moja tu, inashusha 12 kuwa 5? Akianza kuzunguka zunguka achana naye. Na hata ukija kuwa na simu ya tundu dogo la Lightning, lile lililoanza 2012, ile adapta yake ya pini 30 nayo itaimba tu bila kuchaji kwenye doki yako, tatizo ni lile lile la volti.

Ukiikosa, angalia mgongoni mwa doki kama kuna tundu la aux, yaani la waya wa sauti unaotoka tundu la hedifoni la iPod, upige muziki kwa huko na chaji uchomeke pembeni kwa waya wake. Mi siipendi sana, sauti ya kupitia tundu la hedifoni siyo sawa na ile inayotoka pini ya 3 na 4, na wakati mwingine ukichaji huku unapiga spika inavuma kwa chini, mmmmm, inakera. Lakini kwa kuanzia inatosha.

Ukiipata adapta nitumie picha zake kabla hujalipa, pande zote mbili na maandishi yake.

Wako,
rafiki yako