Barua ya wazi kwa mpwa wangu wa Ujiji: si kila aliyeachwa huru alikombolewa

Mpwa wangu,

Salaam kutoka Tabora. Tafsiri yako inasomeka vizuri, ila kila penye "manumit", kitenzi cha Kiingereza cha bwana kumwacha huru mtumwa wake, umeweka "komboa", na hapo maana inapotea.

Kitenzi hicho kimetoka Kilatini: manus, mkono, na mittere, kuachia au kutuma. Mkono kwa Warumi ulikuwa pia mamlaka ya kisheria juu ya mtu. Bwana alimpeleka mtumwa wake mbele ya hakimu, mtumwa akaguswa kwa fimbo, bwana akamwachia, hakimu akatamka kuwa ni huru. Kodi yake ilikuwa asilimia 5 ya thamani ya mtumwa. Wengine waliachwa kwa wasia, na huko nako sheria ya mwaka 2 K.K. ikabana: mwenye watumwa 3 hadi 10 aliweza kuwaacha nusu tu, na hata tajiri mwenye mamia hakuruhusiwa kuzidisha 100. Na aliyeachwa aliendelea kuwa na wajibu kwa bwana wake wa zamani. Uhuru wa nusunusu, ukiniuliza mimi.

Kwa hiyo mtendaji ni mwenye mtumwa. Tangazo la Rais Lincoln wa Marekani la kuwapa watumwa uhuru, la Januari 1, 1863, linaitwa kwa kitenzi kingine, "emancipate", kwani wale hawakuwa watumwa wake. Nacho kina manus ndani, pamoja na capere, kushika. Warumi walikitumia kwa mwana anayetolewa chini ya mamlaka ya baba yake.

Basi "manumit" iwe "kumwacha huru". "Komboa" ibakie pale tu fidia ilipotolewa, na kama mtumwa alijilipia mwenyewe, andika "alijikomboa". Tena "ukombozi" leo humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye vita vya kusini mwa Afrika. Sheria ya Waingereza ya 1922 Tanganyika ni "kukomesha utumwa".

Penye mtego ni hati za uhuru za Wajerumani. Walizitoa kwa mtu mmoja mmoja, huku utumwa wenyewe hawajaufuta. Usikimbilie kitenzi, tazama kwanza nani aliridhia na nani alilipa. Pasipojulikana, "alipewa hati ya uhuru" inatosha.

Ukinukuu Kiingereza, wakati uliopita ni "manumitted", t mbili, na nomino ni "manumission", sawa na "permit" na "permission". Sura ya Ujiji irekebishe kwanza, ndiyo yenye hati nyingi.

Mjomba wako