Nguo Ndiyo Ikufuate Wewe

Mwanangu mpenzi,

Tangu tuachane Jumamosi sijatulia. Bado nakuona umesimama mbele ya kile kioo, suruali ya tatu imegoma mapajani, machozi yanakulengalenga, unaniambia, "Mama, mwili wangu ndio wenye kasoro." Sikukujibu palepale, kwa sababu nilijua neno hilo umelitoa wapi. Umelitoa kwangu.

Ulipoanza kujazia, ukiwa na miaka 13, ni mimi niliyekuwa nakununulia blauzi zilizokuzidi saizi mbili. Ni mimi niliyekuwa nakukumbusha kila tukitoka uvute sweta lifunike nyuma. Nilidhani nakulinda, kumbe nakufundisha kujificha. Nisamehe, mwanangu. Nikwambie leo yale niliyopaswa kukwambia wakati ule, maana nimekaa kwenye cherehani tangu kabla hujazaliwa na mambo haya nayajua kwa mikono yangu.

Tuanze na ile suruali. Ulipovaa ile kubwa zaidi, mapaja yalipita, makalio yakakaa vizuri kabisa, ila kiunoni kwa nyuma pakabaki uwazi hata ngumi yangu ikaingia. Wewe ukaona kasoro ya mwili, mimi nikaona mkato. Suruali ile ilichorwa kwa mtu ambaye kiuno na nyonga zake hazitofautiani sana. Mwenye umbo la namba nane akifuata nyonga, kiuno kinapwaya; akifuata kiuno, nyonga hazipiti. Sasa nguo isiyokujua ikikukataa, kosa lako liko wapi?

Dawa yake ni kununua inayotosha pale palipojaa zaidi, kisha sehemu nyingine zipunguzwe. Fundi anafumua mkanda na mshono wa katikati nyuma, anakula kitambaa kidogo kidogo kuelekea chini, anarudisha mkanda. Si kazi kubwa. Kinyume chake ndicho kigumu: nguo iliyobana haitanuki zaidi ya kile kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono, na nguo nyingi za kiwandani huachiwa kidogo mno. Kabla ya kulipa, igeuze ndani nje uangalie. Mimi mshono wenye akiba nauhesabu kuwa na thamani kuliko urembo wowote wa nje.

Na zile namba za saizi zilizokuliza, nikueleze zilivyo. Marekani, mwaka 1939 na 1940, wizara ya kilimo iliwapima wanawake wapatao 15,000 ili nguo za kiwandani zipate vipimo vya kufuata. Vipimo vya wanawake wasio Wazungu havikuingizwa kwenye hesabu. Mwaka 1958 vikatoka viwango rasmi vya saizi, mwaka 1983 vikaondolewa, na leo makampuni yanajipangia yenyewe. Ndiyo maana siku moja, duka moja, ulitosha namba moja kwenye gauni na ukaikosa kwenye suruali. Namba ile ni ya nguo, mwanangu, wala haijakupima wewe. Ikikukera, kata kile kitambaa cha saizi ukitupe.

Kipimo cha kukitegemea ni chako mwenyewe. Kiuno usikipime pale suruali inapokaa. Pinda pembeni kidogo. Pale ubavu unapojikunja ndipo kiuno kilipo. Nyonga zipime miguu ikiwa pamoja, futi ipite pale makalio yalipojaa zaidi, mara nyingi kama sentimita 20 chini ya kiuno. Kifua kipime ukiwa umevaa sidiria inayokutosha, maana sidiria ikiwa mbaya hakuna blauzi itakayokaa. Mkanda wake wa chini ndio unaobeba mzigo. Kamba zikikuchimba mabegani, mara nyingi ule mkanda umelegea.

Ukishavaa, usikimbilie kuutazama mwili. Tazama kitambaa, kwa sababu kitambaa husema. Mikunjo ya kulala inayojirundika kati ya kiuno na nyonga ina maana nyonga zimebanwa, nguo inapanda juu kutafuta nafasi. Mikunjo ya mshazari inayoelekea kifuani inakwambia kifua kimekosa kitambaa. Shati likiachia mdomo kati ya kifungo na kifungo ni habari hiyohiyo, na pini ya kufichia haitaiponya. Mshono wa pembeni udondoke wima mpaka chini; ukivutika kwenda nyuma, makalio yanadai nafasi. Halafu keti. Nakuomba sana, keti, inama, nyanyua mikono. Nguo inayokubali mtu akiwa amesimama tu haijakutosha.

Mishono ya kukufaa ni mingi kuliko ulivyoaminishwa. Gauni la kupishanisha mbele na kufunga kwa mkanda, lile ambalo mbunifu wa mavazi Diane von Furstenberg alilivumisha mwaka 1974, linakufaa kwa sababu unalikaza mwenyewe pale kiuno chako kilipo, si pale kiwanda kilipokikisia. Sketi ya klosho inashika kiuno na kuziachia nyonga. Kitambaa kilichokatwa mshazari, ufundi ambao mbunifu Madeleine Vionnet wa Ufaransa aliupa sifa miaka ya 1920, kinanyumbuka na kufuata mwili bila kuukaba. Ila kikiwa chepesi sana kitaonyesha kila mshono wa nguo ya ndani, kwa hiyo kitafutie chenye uzito kidogo, au kiwekewe bitana. Suruali nazo, soma karatasi ya ndani: elastane, yaani nyuzi zinazovutika, asilimia 2 au 3 inatosha kukusaidia ukiketi. Ikizidi sana wakati kitambaa ni chembamba, magoti na makalio huacha alama.

Kuhusu wale wanaosema mwenye nyonga asivae rangi za kung'aa wala mistari ya kulala, mimi siwaafiki. Nimeshona magauni ya kila rangi kwa wanawake wa kila umbo, na lililompendeza mtu ni lile lililomkaa. Shati kubwa la kufunika nililokuwa nakuvika lilining'inia kutoka kifuani likakufanya upana mmoja juu hadi chini, kiuno chako kizuri kikapotelea humo. Hilo nalijutia.

Ile suruali niliirudia nikainunua. Ipo mezani hapa ninapoandika. Nimefumua nyuma, nimeshikiza kwa pini pande zote mbili, lakini mkasi sijaugusa, kwa kuwa kipimo nilichonacho ni cha macho tu. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea futi yangu, ile ya njano iliyofifia namba mwanzoni. Anzia kwenye 10, kisha toa hiyo 10. Usiikaze, kidole kimoja kipite chini yake. Usivute tumbo ndani. Nitumie kiuno, nyonga na kifua vile vile vilivyo, mama, usinipunguzie hata sentimita moja.

Ni mimi,
Mama yako